Mwamba Tulioupasua Kijitoni

Wiki iliyopita walibomoa lile darasa la zamani la shule yetu, lile la kwanza kabisa, ambalo kuta zake zilikuwa zimepinda kama mgongo wa punda mzee. Nilikuwa natoka kusaga mahindi, nimebeba unga wangu mgongoni, nikasikia nyundo. Nikasimama. Fundi ni kijana wa hapa hapa kwetu. Akaniambia, "Susu, sogea kando, vumbi litakuingia macho." Susu ni nyanya kwa Kikamba, na hapa kila mtu ananiita hivyo, hata yule ambaye sikumzalia mama wala baba. Sikusogea. Kuta zilikuwa zimeshalala chini, msingi uko wazi, na yale mawe ya msingi niliyajua. Kila jiwe lina weusi upande mmoja. Ule weusi ni wa moto wetu.

"Haya mawe mlitoa wapi nyinyi watu wa zamani?" fundi akauliza. "Yamenivunjia mpini wa pili leo."

Nikamwambia, "Endelea na kazi yako." Nikaenda nyumbani, nikaweka unga chini, na tangu siku hiyo sijatulia. Kwa hivyo rafiki yangu, vuta kiti nikuambie vile shule hii ilijengwa na vile ilivyotumaliza. Sitapamba. Na wewe usinionee huruma katikati, utanipotezea njia.

Sisi tuko upande wa Masinga, chini kabisa, mahali ambapo mbuzi wanajua njia kuliko watu. Nilipokuwa mtoto hapakuwa na barabara wala duka, na kanisani ulienda asubuhi ukarudi jua likishuka. Kilichokuwepo ni kijito. Ungekiona ungecheka, kwa sababu karibu mwaka mzima kilikuwa mchanga mtupu, mweupe, wa kuchoma nyayo. Maji yalipita juu yake siku chache za mvua, kisha yakazama. Lakini chini ya shamba letu kulikuwa na mwamba mkubwa uliokatiza kijito kutoka ukingo huu hadi ule, kama kizingiti cha mlango. Nyuma ya mwamba huo mchanga ulikuwa umejaa mpaka juu, na ndani ya mchanga ndimo maji yetu yalimokuwa yamelala. Ulichimba kwa mikono. Kwanza mchanga mkavu, halafu wenye unyevu, halafu ukingoja kidogo, maji yanajikusanya shimoni, safi, ya baridi hata jua la Septemba likiwa utosini. Tulichota kwa kata. Mpaka leo nikifunga macho naisikia kata ikikwaruza chini ya shimo, polepole, kwa sababu ukiharakisha unachafua maji na anayekungoja nyuma anakusema.

Watu walikunywa hapo tangu zamani ambayo hakuna aliyeihesabu. Hakuna aliyeuliza kwa nini maji yanakaa pale na si kwingine. Tulijua yako pale. Hiyo ilitosha.

Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza, na msichana. Hiyo maana yake unaijua. Niliamka na jogoo, nikaenda kuchota, nikarudi na mtungi mgongoni, kamba yake ya ngozi imepita kwenye paji la uso. Tulibeba hivyo sote, kamba kichwani na mzigo mgongoni, mpaka paji la uso likafanya bonde. Weka kidole hapa, bonde langu bado liko. Nikishatua maji namfunga mdogo wangu mgongoni, nashika mchi, naanza kutwanga muthokoi. Muthokoi ni mahindi yanayotwangwa kwa maji kidogo mpaka ganda litoke, halafu unayapika na kunde au mbaazi kutwa nzima kwenye chungu. Harufu ya ule mvuke wa jioni, pamoja na moshi wa mgunga, ndiyo harufu ya kwetu. Siku hizi wajukuu wanataka wali. Wapike wao.

Mama yangu tulimwita mwaitu, kama Wakamba wote wanavyomwita mama. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache, na akikutazama mara mbili unajua umekosea. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, na alituandikia barua. Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu mmoja tu kijijini alijua kusoma vizuri, jirani yetu wa upande wa juu, na alisoma kwa sauti ya kanisani. Baba akiandika kwamba ana kikohozi, kabla mwaitu hajafika nyumbani wanawake kijitoni walikuwa wanampa pole. Siku moja baba akaandika maneno ambayo mume humwambia mke wake, na jirani akayasoma yote, bila kuruka, mbele ya wageni wake. Mwaitu alirudi amefunga uso. Akapepeta kunde muda mrefu. Kisha akaniambia, "Kwenye hii nyumba lazima mtu ajue kusoma. Na atakuwa wewe. Mvulana atasoma aondoke na macho yake. Msichana anakaa na siri."

Nilikuwa na miaka kama tisa. Kabla ya siku hiyo sikuwahi kufikiria kusoma. Baada ya siku hiyo sikufikiria kitu kingine.

Shule ilikuwepo, kama ungependa kuiita shule. Vijiti na udongo, nyasi juu, na mchwa wameila mpaka ukiegemea ukuta unatoka na ukuta. Mwalimu alikuwa mmoja, kijana mwembamba mwenye baiskeli, aliyelala kwenye jiko la jirani kwa sababu hapakuwa na nyumba ya kumpa. Mwaka huo mkaguzi wa shule akaja, akatazama, akapiga ukuta kwa fimbo yake, fimbo ikaingia ndani. Akatuambia wazi. Kabla ya Januari awe ameona darasa lenye msingi wa mawe, au atamchukua mwalimu ampeleke kwa watu wanaomtaka. Akapanda gari akaenda.

Basi wanawake wakaitana. Hapa kwetu kazi kubwa ya kijiji hufanywa na mwethya, kundi la wanawake wanaofanyiana kazi kwa zamu na kwa wimbo. Leo kwako, kesho kwangu. Kiongozi wa mwethya wetu alikuwa mwaitu. Matofali ya udongo tungefyatua wenyewe, hilo halikuwa jambo. Jambo lilikuwa mawe.

Mawe mazuri yalikuwa mlimani, ng'ambo, kwenye ardhi ya mzee mmoja ambaye watoto tulimwogopa kwa sababu alikuwa hacheki. Kwa desturi, ukitoa kitu cha kudumu kwenye ardhi ya mtu unampelekea mbuzi, anachinjwa, mnakula pamoja, hakuna maneno baadaye. Mzee akasema sawa, chukueni, leteni beberu mmoja. Wanawake wakawaka.

"Beberu kwa mawe? Kwani ameyalisha hayo mawe?"

"Ameyachunga asubuhi na jioni, maskini, hujaona alivyokonda?"

Wakacheka mpaka wengine wakaketi. Na katika kicheko hicho ndipo mwaitu aliposema, nami nilikuwa karibu naye nikasikia kila neno. Akasema, "Mwamba wa kijitoni si wa mtu. Uko karibu. Na maji ya kuupasulia yako pale pale."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Na mwalimu akapiga, mtu aliyesoma. Sitaki uje useme kwamba kulikuwa na mtu mmoja mwenye hekima aliyetuonya. Hakuwepo. Hata yule mzee wa mlimani hakuonya, alikasirika tu kwa sababu ya mbuzi wake.

Kupasua mwamba ni hivi. Unarundika kuni juu yake, kuni ngumu, unawasha asubuhi, unalisha moto mpaka mchana mwamba unakuwa mwekundu pembeni. Halafu wanawake wanajipanga mstari kutoka shimo la maji mpaka kwenye moto, mitungi inapita mkono kwa mkono, na wa mwisho anamwaga kwa nguvu na kuruka nyuma. Mwamba unalia. Ni mlio kama wa bunduki, na mvuke unapanda, na harufu ya jiwe lililoungua inakukaa kooni. Wanaume wachache waliokuwepo wanaingiza mtaimbo kwenye ufa, wanasukuma, jiwe linatoka. Kazi hiyo ilichukua Agosti, Septemba, na sehemu ya Oktoba. Kila siku wimbo, kila siku moshi, kila siku uji wa mtama kwenye sufuria kubwa. Tulimwaga maji yetu juu ya mwamba wetu, na tukaimba.

Nitakuambia ukweli, ilikuwa miezi ya furaha kuliko yote niliyowahi kuona. Nimezaa, nimeozesha, nimesimama kwenye harusi za wajukuu, na sijawahi tena kuona watu wazima wakifurahi vile.

Kamati ikasema kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza abebe mawe yake mwenyewe mpaka kwenye kiwanja. Mwaitu akanitazama mara moja tu. Niliyabeba. Wengine walichagua madogo, mimi nilichagua yale ya kunifunika mgongo, kwa sababu katika akili yangu ya kitoto jiwe kubwa lilikuwa kusoma kwingi. Kidole hiki kidogo cha mkono wa kushoto hakinyooki. Jiwe lililala juu yake. Nililia nikiwa natembea, sikuliweka chini.

Msingi ukasimama. Kuta zikapanda. Mabati ya kuezekea yakaja kwa mgongo wa punda, yakimeta hata ungeyaona ukiwa mlimani. Na katikati ya mwamba wetu kukawa na pengo pana kama mlango wa zizi la ng'ombe, mpaka chini.

Mvua ya Novemba ikaja vizuri mwaka huo. Kijito kilishuka alasiri moja, tukakimbia kwenda kukitazama, maana ile sauti kila mtoto anaipenda. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yanapita kwenye pengo kwa kishindo ambacho hatukuwa tumewahi kukisikia. Tulipiga vigelegele. Tulidhani ni mvua kubwa. Hatukujua kwamba tunautazama mchanga wetu ukiondoka.

Januari nikaingia darasa la kwanza. Nilivaa gauni lililokatwa kutoka kwa nguo ya mwaitu. Sakafu ilikuwa ya udongo na samadi, inanukia vizuri asubuhi ikiwa imenyunyiziwa, na tulikaa juu ya mawe yaliyobaki. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, kwa hivyo tuliandika kwa kidole kwenye vumbi la nje, mwalimu anapita na fimbo yake akisahihisha. A, e, i, o, u. Ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu hakuwa na mzaha na herufi, akasema herufi ni kama mbuzi, usipowajua mmoja mmoja utapoteza kundi. Niliwajua mmoja mmoja. Muhula haujafika nusu nilikuwa nasoma sentensi nzima, kwa kidole, kwa sauti ndogo. Barua ya baba ikaja, mwaitu hakwenda kwa jirani. Akaniketisha karibu na moto, akaikunjua. Nikasoma neno la kwanza, jina lake yeye. Nikasoma la pili. Mengine yalinishinda. Akaikunja tena, akaitia kwenye kyondo, kikapu chake cha kusuka, akasema, "Itangoja. Hata miezi sita itangoja."

Miaka yote shimo la maji lilidumu mpaka Oktoba. Mwaka huo lilianza kukauka kabla Februari haijaisha. Mwanzoni tulichimba karibu zaidi na ukingo. Halafu tukachimba juu zaidi. Maji yaliyopatikana yalikuwa ya kijani, yana wadudu, tukayachuja kwa leso. Kisha asubuhi moja mwaitu akaja na jembe mwenyewe, akaona sisi watoto ni wavivu. Akapiga mara moja, mara mbili, jembe likagonga jiwe. Likatoa ile sauti kavu. Akasogea hatua tatu akapiga tena, jiwe. Akainua macho, akaangalia kule kwenye pengo, halafu akaangalia pale alipokuwa amesimama, halafu akaangalia pengo tena.

Akakaa chini. Sikuwa nimewahi kumwona mwaitu akikaa chini mchana.

Wanawake wakakusanyika. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini ilipita kutoka jicho mpaka jicho. Waliotokea kuelewa haraka waliwaeleza wengine kwa kidole tu, kuonyesha pengo, kuonyesha jiwe lililo wazi. Siku hiyo hiyo jioni wakaenda mlimani na beberu. Mzee hakusimama kwenye kigoda chake. Akasema, "Mbuzi mpelekeni kwanza akanywe maji." Walistahili. Lakini kesho yake asubuhi tulimkuta amekuja na mtaimbo wake, mzee yule, na alibeba mawe nasi kutoka mlimani mpaka akaanguka magoti. Tuliyapanga kwenye pengo, mawe na udongo na matawi, kazi ya wiki tatu. Simiti hatukuwa nayo, na hata kama tungekuwa nayo hatukujua. Aprili kijito kikashuka mara moja tu, mvua ilikuwa hafifu, na hiyo mara moja ilitosha. Mawe yakaenda kama mbaazi kwenye ungo.

Maji ya karibu yakawa mto mkubwa. Ukitoka nyota zikiwepo unarudi jua likiwa kati, na ng'ombe wakishakunywa kule wanarudi wamekonda kuliko walivyoenda. Mama akienda, nani atalima, nani atapika? Baba hayupo. Wavulana wanachunga, na mvulana akibeba maji mgongoni ni kicheko cha soko zima, hiyo ndiyo ilikuwa akili yetu. Kwa hivyo wanawake wakakutana, na walikutana pale pale kwenye kiwanja cha shule, kivuli cha mabati mapya. Tulikuwa tumefunga muhula wa kwanza. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nasikiliza.

Walizunguka lile neno kama mtu anavyozunguka mzinga wa nyuki. Mwaitu ndiye aliyelisema. "Kila nyumba itoe msichana kwenye darasa. Wangu atoke kwanza."

Mama mmoja akasema, "Lakini wako ndiye anayejua kuliko wote. Toa yule mdogo wake wa kike."

"Yule mdogo hawezi mtungi," mwaitu akasema. "Na mimi ndiye niliyesema mwamba hauna mwenyewe. Siwezi kutoa mtoto wa mtu kabla ya wangu."

Hakunitazama. Nilimngoja anitazame, hata mara moja, na hakunitazama.

Mwalimu akaja nyumbani jioni ile. Alikataa kigoda, akasimama na baiskeli yake, akazungumza vizuri sana. Alisema mimi nina kichwa, alisema mwaka mmoja tu, alisema serikali, alisema kesho ya taifa. Mwaitu alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Mwalimu, leo umekunywa maji?"

"Nimekunywa, mama."

"Yametoka kwa nani?"

Mwalimu akatazama gurudumu la baiskeli yake. Maji aliyokunywa yalikuwa yametoka mgongoni kwangu, na yeye alijua. Akasema, "Kwaheri, mama." Hakurudi kuzungumzia jambo hilo tena, na simlaumu. Mtu ana kiu.

Nilikuwa nakwenda mtoni kabla ya jogoo, pamoja na wasichana wengine kumi. Tulikuwa kumi na mmoja. Tukirudi, kwanza tunapita shuleni, kwa sababu shule nayo ilikunywa. Tunamwaga kiasi kwenye pipa lililo nyuma ya darasa, halafu tunapeleka yaliyobaki nyumbani. Na hiyo saa ndiyo ilikuwa saa ya kusoma. Ukuta huo wa matofali ulikuwa na upana wa mkono, lakini sauti ilipita. Nilikuwa nasikia mdogo wangu wa kiume, aliyenifuata kwa kuzaliwa, akisoma na wenzake, anapotea, anarudia. Nilikuwa nalijua jibu wakati mwingine. Baadaye nikaacha kulijua. Walikuwa wamefika mbali, wanasema maneno ambayo sikuwahi kuyaona. Siku moja nilichelewa kumwaga maji kwa makusudi, nikachora herufi chini kwa kidole, nione kama bado zipo. Wenzangu wakaniita. "Wewe, twende, unachora nini hapo, ramani ya Nairobi?" Wakacheka. Nikafuta kwa mguu.

Mwaka ukapita, mkaguzi akarudi. Sasa sikiliza hii. Ili shule ibaki, alitaka kuona watoto wa kutosha, na majina yetu sisi kumi na mmoja yalikuwa bado kwenye daftari. Mwalimu aliyaacha. Alimwomba mwaitu, na mwaitu akakubali, kwa siku moja tukarudishwa darasani. Niliosha miguu kwa maji ambayo mimi mwenyewe niliyaleta jana yake. Gauni langu lilikuwa limekuwa fupi. Nikakaa mbele.

Mkaguzi alifurahi. Alizunguka nje, akapiga msingi teke kwa kiatu chake, akasema haya ndiyo mawe, hapa hata wajukuu wenu watasoma. Akaingia ndani, akachukua kitabu, akaninyooshea kidole. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa mrefu. Nikasimama. Ukurasa wa kwanza nilisoma wote, vizuri, kwa sauti. Akatabasamu, akafungua mbele. Nikatazama. Nilikuwa naona herufi, nazijua moja moja, lakini zilikuwa zimeshikana kwa namna ambayo sikuwahi kufundishwa. Nilisimama pale nikingoja zifunguke. Mwalimu akatazama dirishani.

"Huyu ni mzito," mkaguzi akasema, si kwa ubaya, akageukia mwingine. Akaandika kitabuni mwake, akatia sahihi. Shule ikabaki.

Mwaitu alikuwa nje, chini ya dirisha, pamoja na wanawake waliokuja kumwimbia mkaguzi. Alisikia. Nilipotoka alikuwa ameshachukua ile kamba yangu ya ngozi na mtungi wangu. Akasema, "Leo kaa." Akaenda mtoni yeye, saa ile ya mchana, peke yake. Nilikaa nyumbani bila kazi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na ndiyo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Aliporudi alitua mtungi, akageuza muthokoi kwenye chungu. Kesho yake nikaenda mimi.

Hatukulizungumza mpaka anakufa. Usifikiri alikuwa mkatili. Yule mdogo wangu wa kiume alipojua kusoma alimsomea barua zote, hata ile iliyokuwa imengoja kwenye kyondo, na mwaitu alikuwa ananifukuza nje nisisikie, kana kwamba ni mimi niliyekuwa mgeni. Nilikuja kuelewa nikiwa mzee kwamba alikuwa anaona haya mbele yangu.

Watu wakaanza kuhama, wawili wawili, wakifuata maji. Wengine Mwala, wengine karibu na mto, watoto wao baadaye wakaenda viwandani Athi River na hawakurudi ila kwa mazishi. Kuna miaka ambayo darasa lile la mawe lilikuwa na watoto ambao ungewahesabu kwa vidole na ukabaki na vidole. Wimbo wa mwethya siku hizi hakuna anayeuimba mpaka mwisho. Mahali pale kijitoni mbuzi wanapita juu ya jiwe tupu, na ukimwambia mtoto wa leo kwamba hapa palikuwa na mchanga wa kumzamisha mtu mzima, na maji ndani yake, anakuitikia kwa heshima tu.

Miaka michache iliyopita walikuja watu wenye simiti, wakajenga ukuta kukatiza kijito kingine, ng'ambo kule. Kijana wao mmoja akatuketisha sisi wanawake wazee, akachora chini kwa kijiti, akatueleza vile ukuta unavyoshika mchanga na mchanga unavyoshika maji. Alieleza kwa upole, kama tusiojua kitu. Nilimsikiliza kama mtu anayeelezwa na daktari kilichomuua mama yake.

Kusoma nilikuja kujifunza ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na wajukuu, na siku hizi barua zangu najisomea mwenyewe. Lakini kujifunza ukiwa mzee ni kula chakula cha jana. Kinashibisha, hakina mvuke.

Katika wale wasichana kumi na mmoja tumebaki wawili. Mwenzangu anakaa upande wa sokoni, kwa mtoto wake, na masikio yamemwisha kidogo. Tukikutana tunashikana mikono muda mrefu. Paji lake la uso lina bonde kama langu. Hatujawahi kuitaja shule, hata siku moja. Namwinamia sikioni namuuliza, maji mnatoa wapi siku hizi, naye ananiuliza, na nyinyi?